Boga la Majivu: Mboga Isiyooza Upesi

Tuseme mgeni ametoka safari akakuletea zawadi ya mboga. Ni mboga moja tu, lakini uzito wake ni kilo 10 na zaidi, na umbo lake ni kama mto wa kulalia. Ganda lake ni la kijani kilichokolea, na juu ya ganda hilo umetanda unga mweupe, kana kwamba mtu ameliviringisha katika majivu ya jikoni. Unalipasua. Ndani ni jeupe, halina harufu ya kusifiwa, na ukionja kipande kibichi ulimi wako hauambiwi kitu. Kisha unaelezwa kwamba katika kila gramu 100 za mboga hiyo, gramu 96 hivi ni maji matupu. Huenda ukajiuliza moyoni kama mgeni wako anakutania.

Hakutanii hata kidogo. Mboga hiyo hupandwa, huuzwa na kuliwa kutoka mabonde ya India mpaka visiwa vya Japani. Hupikwa mchuzi katika nyumba za makabwela na hupambwa kwa nakshi katika karamu za wakubwa. Hufanywa halua, hufanywa chai, hutundikwa mlangoni kufukuza kijicho, na katika mji mmoja wa India imeshika riziki ya maelfu ya wafanyakazi. Ni jambo la haki basi kuuliza: mboga isiyo na ladha imepataje heshima yote hiyo?

Tuanze na jina. Watu wa Andhra, kusini mwa India, huiita kwa lugha yao ya Kitelugu *boodida gummadikaya*, yaani boga la majivu, kwa sababu ya ule unga mweupe. Katika ukurasa huu nasi tutaliita hivyo. Wabengali huliita *chal kumro*, boga la paani, maana mmea wake hupanda na kutambaa juu ya mapaa ya nyasi na matunda yakakaa huko kama kuku waliolala. Waburma huliita boga la jiwe. Wachina nao huliita *donggua*, ambalo maana yake ni tikiti la majira ya baridi, na jina hilo lina mkasa ambao tutaueleza punde hivi. Wataalamu wa mimea wameliita *Benincasa hispida*. Neno la kwanza ni la kumkumbuka Giuseppe Benincasa, mtaalamu wa mimea wa Kiitalia; la pili ni la Kilatini na maana yake ni lenye manyoya magumu. Nawe ukiliona lingali changa utakubali kwamba halikusingiziwa, kwa kuwa mwili mzima una vinyweleo vinavyochoma mikono. Linapokomaa vinyweleo hupukutika, na badala yake hutoka ule unga.

Hapo ndipo ilipo siri yake. Unga huo si vumbi wala si ugonjwa wa mmea, bali ni nta. Boga lenyewe huitoa nta hiyo katika ganda lake, nayo huziba njia ambazo maji yangepitia kutoka nje, na huwa kizuizi kwa vijidudu vya kuozesha. Boga lililokomaa vizuri, lililokatwa pamoja na kikonyo chake na halikupata jeraha, likiwekwa mahali pakavu penye hewa hukaa miezi mitatu, minne na hata zaidi, bila jokofu wala barafu. Mama wa nyumbani anayejua jinsi mchicha unavyonyauka kabla ya jua kutua ataona uzito wa jambo hili bila kuelezwa.

Sasa turudi kwenye lile jina la Kichina. Mgeni wa China husikia jina hilo akadhani kuwa mboga hii huota wakati wa theluji. Sivyo. Mmea wake hupenda joto na hufa kwa baridi. Boga hukua wakati wa joto, huvunwa mwishoni mwa joto au mwanzoni mwa baridi, na huliwa wakati shamba halina kitu. Tena ule unga mweupe hufanana na sakitu, ule umande ulioganda unaoonekana alfajiri katika nchi za baridi. Kwa hiyo jina lake halitaji majira ya kuota, bali majira ya kuliwa.

Ujuzi huu si wa jana. Katika karne ya 6 mtumishi wa serikali wa China aliyeitwa Jia Sixie aliandika kitabu kikubwa cha kilimo, *Qimin Yaoshu*. Humo alieleza namna ya kulilima boga hili: lipandwe karibu na ukuta, udongo uchanganywe na samadi iliyooza, fito ziegemezwe ukutani ili mmea upate pa kupanda, na yaachwe mabogo matano au sita tu katika kila shina ili yanenepe. Alishauri pia lisivunwe kwa pupa, bali lingojwe mpaka sakitu imeliangukia vya kutosha. Mkulima wa leo akiyasoma maagizo hayo hatapata mengi ya kubishana nayo.

Fikiri maana ya akiba hiyo kwa mtu wa zamani. Katika China ya kaskazini ardhi huganda kwa miezi kadhaa, na familia iliishi kwa nafaka, kabichi zilizotiwa chumvi, figili, na mboga chache zilizoweza kungoja. Katika Bengali tatizo lilikuwa jingine: si baridi bali mvua na mafuriko, wakati bustani imo majini. Boga lililo juu ya paa halifikiwi na maji. Ndiyo maana nasema kuwa ladha siyo iliyowafanya watu walipende boga hili hapo mwanzo. Walilipenda kwa kuwa lilikuwapo siku ambayo mboga tamu zaidi hazikuwapo.

Onyo moja linafaa hapa. Nta hulinda boga zima tu. Ukishalikata, ahadi imevunjika, na kipande kilichobaki hudumu siku chache kama mboga nyingine yoyote. Ndiyo sababu katika masoko ya China muuzaji halazimishi mtu kununua boga zima. Hulilaza ubavu na kulikata mapande ya mviringo, kila mtu akachukua unene unaolingana na mfuko wake na idadi ya watu wake.

Tuingie sasa jikoni. Mpishi wa Kichina atakuambia kuwa kukosa ladha kwa boga hili ndiko kunakolifanya liwe na thamani. Nyama yake ni kama sifongo: hunywa supu liliyopikwa nayo, na kila kipande kikawa kama tonge la supu lililogandishwa. Likipikwa na mifupa hunukia mifupa. Likipikwa na kamba wakavu huwa na ladha ya bahari. Mchuzi wa kila siku katika nyumba za Guangdong, jimbo la kusini mwa China, ni rahisi sana. Mifupa huchemshwa na kipande cha tangawizi kwa saa moja au zaidi, kisha hutiwa vipande vya boga lililomenywa na kutolewa mbegu, yakaachwa motoni mpaka nyama yake ile nyeupe igeuke na kuwa kama kioo kilichoingia ukungu. Huongezwa chumvi, na kazi imekwisha. Wachina wengi hutumia mifupa ya nguruwe. Asiyekula nguruwe hutumia kuku, na mchuzi hauharibiki kwa lolote. Wavietnam hulipika na kamba waliopondwa. Wajapani hulipika katika supu nyepesi, wakaifanya nzito kidogo kwa wanga, na siku za joto huila ikiwa imepoa kabisa.

Siku ya karamu mambo hubadilika. Watu wa Guangzhou huchukua boga zima, wakalikata sehemu ya juu kama kifuniko, wakakomba mbegu na kulisimamisha. Fundi huchonga ganda lake kwa kisu chembamba, akatoa majoka, ndege na maua, michoro ikawa myeupe juu ya kijani. Ndani ya boga humiminwa supu ya kuku pamoja na uyoga, nyama ya bata, kombe wa baharini waliokaushwa na mbegu za yungiyungi, kisha boga lote huwekwa katika chombo kikubwa na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Linapofika mezani huwa ni bakuli na chakula kwa wakati mmoja. Mwenyeji huchota supu, na kila anapochota hukwangua kuta za boga, nyama laini ikaangukia kijikoni. Hakuna sahani ya kuosha baadaye, ingawa nina hakika kuwa mafundi wa nakshi hawafikirii jambo hilo.

Chakula hicho ni cha siku za joto. Wachina tangu zamani wamevigawa vyakula kuwa vya baridi na vya moto, kwa maana ya jinsi vinavyoufanya mwili, wala si kwa kipimo cha jiko. Wazee wetu wa pwani nao wana hesabu ya namna hiyo, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Lamu hatashangaa. Boga la majivu limo katika vyakula vya baridi kabisa, na huliwa jua linapokuwa kali. Hata ganda lake halitupwi: huoshwa na kuchemshwa, maji yake yakanywewa.

Taiwan wamekwenda mbali zaidi. Huko boga hukatwakatwa na kuchemshwa pamoja na sukari nguru kwa saa nyingi mpaka maji yake yote yakauke na kubaki donge la kahawia. Donge hilo huyeyushwa katika maji na kunywewa likiwa baridi, nao huliita chai, ingawa halina hata jani moja la chai. Mji wa Tainan unasifika kwa kinywaji hicho. Lakini kituko cha Taiwan ni keki za nanasi. Mtalii hununua masanduku kwa masanduku kupelekea jamaa zake, akirudi kwao anaambiwa kwamba ndani ya keki hizo kwa miaka mingi mlikuwa na boga kuliko nanasi. Waokaji walikuwa na sababu zao. Nanasi ni chachu na lina nyuzinyuzi zinazokwama menoni. Boga ni laini, halipingani na mwenzake, na tena ni rahisi kwa bei. Mwanzoni mwa karne hii walitokea waokaji waliotangaza kwa fahari kuwa keki zao ni za nanasi tupu, na bei ikapanda. Cha kuchekesha ni kwamba wapo wateja waliozionja wakasema ni chachu mno, wakarudia zile za boga. Mimi naona kosa halikuwa la boga. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la maandishi ya sandukuni.

Vitamu vya boga viko vingi. Katika mwaka mpya wa Kichina vipande vya boga vilivyokolezwa sukari hupangwa katika sinia ya vitamu vya wageni. Wavietnam hufanya hivyo hivyo katika sikukuu yao ya Tet. Huko Sri Lanka boga la sukari, *puhul dosi*, hukatwakatwa na kutiwa katika keki za sikukuu. Guangdong kuna keki ya duara yenye matabaka membamba, iitwayo keki ya mke, ambayo ndani yake mna boga lililopondwa na sukari. Kisa kimoja husimulia kuwa mke alijiuza utumwani ili apate fedha za kumtibu baba mkwe wake, na mumewe akabuni keki hiyo, akaiuza mpaka akapata fedha za kumkomboa. Kama ni kweli au si kweli, keki ingalipo.

Pamoja na sifa hizo, mtu mfupi mnene nchini China hutaniwa kwa kuitwa boga la majivu fupi. Heshima ina mipaka yake.

Tukivuka milima kuingia India, boga hili tunalikuta likiwa na kazi mbili ambazo hazihusiani na tumbo moja kwa moja. Kusini mwa nchi hiyo mwenye nyumba mpya au duka jipya hulitundika mbele ya mlango, limechorwa uso wa kutisha, ili jicho la husuda litue juu ya boga na si juu ya watu. Na katika ibada za Kihindu ambazo zamani zilidai damu ya mnyama, wako wanaokata boga hili badala ya mnyama. Siku ya kuadhimisha zana za kazi, wakati mafundi na madereva huko kusini husafisha mashine na magari yao na kuyapamba maua, maboga yaliyopakwa unga mwekundu hupasuliwa barabarani. Mtu wa pikipiki hujionea mwenyewe matokeo yake, na katika miji mikubwa wakuu wa mji huwasihi watu waondoe mapande hayo njiani, maana yanatelezesha na kuangusha watu.

Lakini India iliyo na mengi zaidi ya kutufundisha juu ya boga hili ni ile ya mji wa Agra. Agra inajulikana duniani kwa Taj Mahal, kaburi la marumaru nyeupe ambalo mfalme Shah Jahan alianza kumjengea mkewe mnamo mwaka 1632. Ndani ya India yenyewe, mji huo unajulikana vilevile kwa *petha*, yaani boga la majivu lililopikwa kwa sukari. Ni nadra abiria wa treni kupita Agra bila kuchungulia dirishani na kununua sanduku. Mtaa wa Noori Darwaza umekuwa kitovu cha kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kazi yenyewe si ndogo. Maboga makubwa yaliyokomaa humenywa, hukombwa mbegu, na hukatwa vipande. Vipande hivyo hutobolewatobolewa kwa kifaa chenye sindano nyingi, ili sukari ipate njia ya kuingia. Baadaye hulowekwa kwa saa kadhaa katika maji ya chokaa ya kula, ambayo huikaza nyama ya boga isivurugike motoni. Huoshwa tena na tena mpaka chokaa yote itoke, huchemshwa katika maji yenye shabu kidogo mpaka vipande ving'ae, na mwisho huingia katika shira ya sukari inayotokota. Vikikaushwa huwa vigumu kwa nje na vyenye majimaji kwa ndani, ukiking'ata kipande kinatoa sauti ya kuvunjika. Wengine huongeza zafarani, wengine maji ya waridi. Nisisitize kwa wale wapendao kujaribu: chokaa inayotajwa hapa ni ile iliyosafishwa kwa ajili ya kuliwa, wala si ya kupakia nyumba.

Watu wa Agra husimulia kwamba *petha* ilibuniwa kwa ajili ya maelfu ya wafanyakazi waliojenga Taj Mahal, waliochoka kula dengu na mikate siku zote na kuhitaji kitu cha kuwapa nguvu kwenye jua. Hadithi hiyo haina ushahidi wa maandishi, lakini kila muuzaji anaijua. Na ndiyo inayoufanya mgogoro uliofuata uwe mchungu.

Marumaru ya Taj Mahal ilianza kugeuka rangi. Mwaka 1984 wakili M.C. Mehta alifungua kesi katika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India, akidai kuwa moshi wa viwanda unaliharibu jengo hilo. Hukumu ilitolewa tarehe 30 Desemba 1996. Viwanda vilivyotumia makaa ya mawe katika eneo la ulinzi linaloizunguka Taj, eneo lenye kilomita za mraba zipatazo 10,400, viliamriwa vihamie kwenye gesi au vihame. Amri ililenga hasa viwanda vya kuyeyushia vyuma na vinginevyo vikubwa, lakini moshi haubagui, na baadaye macho ya wakaguzi yaligeukia tanuri za *petha* pia. Chakula ambacho hadithi inasema kiliwajenga wajenzi wa Taj sasa kilishtakiwa kwa kuibomoa.

Mwenye haki ni nani hapo? Jengo lile ni la watu wote, na hakuna atakayelijenga tena. Hewa ya Agra nayo huvutwa kwanza na mpika *petha* mwenyewe na watoto wake, na huyo anayesimama mbele ya tanuri ndiye wa kwanza kukohoa. Lakini tanuri ya makaa ni rahisi, na gesi ni ghali; mwenye karakana kubwa hubadili majiko na kuendelea, na mwenye sufuria mbili na vibarua wanne hukaa akihesabu. Mipango ya kuwahamishia mafundi hao pembezoni mwa mji imetajwa zaidi ya mara moja, na kila inapotajwa swali lao huwa lile lile: mteja atatufuata huko? Mimi sioni kuwa mahakama ilikosea. Naona kwamba ukimwambia mtu mdogo azime moto wake kwa faida ya wote, wote hawana budi kuchangia gharama ya moto mpya.

Sasa tuzungumze kwa uwazi juu ya afya, maana maneno yamekuwa mengi. Siku hizi India na kwingineko maji ya boga la majivu yaliyokamuliwa hunywewa asubuhi kabla ya kula, na wauzaji wake huyapa uwezo wa kuponya karibu kila kitu. Ukweli ni wa kiasi zaidi. Gramu 100 za boga bichi zina kalori 13 tu, miligramu 13 hivi za vitamini C, ambayo sehemu yake hupotea katika kuchemsha, na nyuzinyuzi kidogo. Protini ni karibu na hakuna. Kwa mtu anayetaka kupunguza unene ni chakula kizuri, kwa kuwa hushibisha bila kunenepesha. Kwa mtoto anayekua si chakula cha kutegemewa peke yake. Haliwezi kuchukua nafasi ya mchicha, matembele wala kisamvu. Na likishageuzwa *petha* au chai ya Tainan, linalonywewa na kuliwa kwa hakika ni sukari, na mwenye ugonjwa wa kisukari alitazame kama anavyoutazama mkebe wa sukari.

Wapishi wenye busara wa Asia waliyajua hayo kabla ya vipimo vya maabara, ndiyo maana mara nyingi hawakulipika peke yake. Wabengali hulikuna boga, wakalichanganya na choroko nyeusi zilizolowekwa na kusagwa, wakadondosha madonge madogo madogo juu ya kitambaa na kuyaanika juani. Madonge hayo, *bori*, huwekwa akiba na kukaangwa au kutiwa mchuzini siku yoyote. Maji ya boga yameondoka, protini ya choroko imeingia.

Watu wa Kerala, pwani ya kusini-magharibi mwa India, wana njia yao, nayo itamfurahisha msomaji wa pwani yetu kwa kuwa vitu vyake vyote anavijua. Chakula hicho huitwa *olan*, na hakikosi katika karamu ya sikukuu yao ya Onam, inayoandaliwa juu ya majani ya mgomba. Ikiwa huna boga la majivu, tumia mumunye changa au papai bichi. Ukitumia mumunye, onja kwanza kipande kidogo kibichi: likiwa chungu litupe lote, usijaribu kuuficha uchungu kwa viungo, kwani uchungu huo ni sumu na umekwisha kudhuru watu.

Kwa watu wanne au watano, loweka nusu kikombe cha kunde nyekundu usiku kucha na uzichemshe mpaka ziive bila kupondeka. Menya nusu kilo ya boga, ondoa mbegu na ile nyama ya katikati iliyo kama pamba, kisha likate vipande vyembamba vya mraba. Kuna nazi moja, ukamue tui zito uliweke kando, halafu ukamue tui jepesi mara ya pili. Tia boga katika sufuria pamoja na tui jepesi, chumvi, na pilipili mbichi tatu zilizopasuliwa kwa urefu, ulichemshe kwa moto wa wastani mpaka vipande vianze kung'aa. Tia kunde, uziache zichanganyike na boga kwa dakika tano. Punguza moto kabisa, mimina tui zito, zungusha sufuria kwa mikono badala ya kukoroga kwa mwiko ili boga lisivunjike, na uepue kabla tui halijachemka likakatika. Mwisho nyunyizia kijiko kimoja cha mafuta ya nazi yasiyochemshwa, na kama unayapata, yale majani madogo yenye harufu kali ambayo Wahindi hutia katika mchuzi. Funika dakika kumi kabla ya kupakua, ule kwa wali.